Mbu hawafi, au wanakufa wasiotakiwa kufa: kusaka kasoro kwenye jaribio la usugu

Jaribio la kupima kama mbu wamekuwa sugu kwa dawa ya kuwaua, ukilisimulia, ni jepesi. Mbu jike 20 hadi 25 wanaingizwa kwenye tyubu yenye karatasi iliyotiwa dawa, wanakaa humo saa moja, wanarudishwa kwenye tyubu safi, wanapewa pamba yenye maji ya sukari, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Tyubu nne ni za dawa, mbili ni za kulinganishia, zenye karatasi ya mafuta matupu. Wakifa asilimia 98 kwenda juu, dawa bado inawamudu. Kati ya 90 na 97 kuna shaka, rudia. Chini ya 90, usugu upo. Huo ndio utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, na ndio unaofuatwa huku Moshi na Arusha.

Tabu inaanzia kwenye tafsiri. Asilimia 82 haikwambii imetoka wapi. Inaweza kutoka kwa mbu sugu kweli, na hao tunao: Anopheles arabiensis (aina mojawapo ya mbu wa malaria) wa mashamba ya mpunga ya Moshi chini, upande wa Mabogini, walishaonekana kwamba dawa za jamii ya pairethroidi haziwamalizi. Lakini inaweza pia kutoka kwenye karatasi iliyochoka, mbu aliyeshiba damu, au taa iliyoachwa ikiwaka juu ya meza. Mwanafunzi anayekuja na matokeo ya ajabu kwa kawaida ameshamshtaki mbu. Mimi mbu namshtaki mwisho. Kwanza naangalia tyubu za kulinganishia, kisha mbu wa Kisumu (wa maabara, wasio na usugu), ndipo nageukia wa shambani, na humu nitakwenda kwa mpangilio huo.

Wanakufa walio kwenye tyubu za kulinganishia

Kanuni iko wazi. Vifo vikiwa chini ya asilimia 5, endelea kama kawaida. Vikiwa kati ya 5 na 20, sahihisha kwa kanuni aliyoitoa Abbott mwaka 1925: toa vifo vya kulinganishia kwenye vifo vya dawa, gawa kwa mia moja kutoa vifo vya kulinganishia, zidisha kwa mia. Vikizidi 20, jaribio lote ni la kutupa, hata kama tyubu za dawa zinapendeza.

Usiichukulie kanuni hiyo kama kifutio. Chukua mfano: dawa imeua asilimia 91, kulinganishia wamekufa 15. Ukisahihisha, 76 gawa kwa 85, unapata 89.4. Ulikuwa na "shaka ya usugu", sasa una "usugu upo", na kilichokuvusha mstari ni uchafu wa chumbani kwako, wala si mbu. Kwa hiyo vifo vya 10 au 15 navyo vinahitaji kutafutiwa chanzo, ingawa kitabu kinaruhusu kusonga mbele.

Swali la kwanza: wamekufa saa ngapi? Kama wameanza kuanguka ndani ya ile saa moja, kuna sumu. Kama walikuwa wazima jioni na asubuhi umekuta maiti, tafuta kiu, njaa, joto au mikono mizito.

Sumu kwenye tyubu safi mara nyingi inaletwa na mtu. Tyubu zina alama za rangi: nyekundu ni ya dawa, njano ni ya kulinganishia, kijani ni ya kuwapumzishia. Siku tyubu zinapooshwa zote kwenye beseni moja na vifuniko vikachanganywa, rangi zinabaki lakini maana yake imekwisha. Vibanio vya waya navyo hivyo hivyo, vya shaba na vya rangi ya fedha, visihamehame. Jaza tyubu za kulinganishia kwanza, kisha za dawa, na usirudi nyuma bila kubadili glavu. Aspireta (mrija wa kufyonzea mbu) iliyowatoa mbu kwenye tyubu ya dawa isiingie tena kwenye kizimba, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalofanyika mchana watu wakiwa na haraka ya kwenda kula. Aliyejipaka dawa ya kufukuza mbu jana usiku asiguse chochote mpaka aoge. Uliza pia kama ofisi ya jirani imepulizwa dawa ya mende. Kama maabara iko karibu na mashamba ya nyanya au kahawa, angalia upepo unavuma kutoka wapi siku ya kupuliza.

Halafu kuna chandarua. Kizimba kimechanika, fundi cherehani ameombwa ashone mkono mpya, na kitambaa kilichokuwa karibu ni chandarua. Vyandarua karibu vyote vinavyogawiwa nchini vina dawa ya kudumu kwenye nyuzi, na kukifua mara mbili hakuiondoi. Mbu watakufa pole pole, watakaotua kwenye mkono wa kizimba kwanza, na utashinda wiki nzima ukilaumu maji. Ukiona vifo vimeanza tangu kizimba kiliporudi kwa fundi, kata kipande cha kitambaa, kiweke kwenye chupa safi na mbu kumi wa akiba, na chupa nyingine isiyo na kitu na mbu kumi. Jioni utajua.

Kama si sumu, angalia hewa. Chumba cha jaribio kinatakiwa nyuzi 27 za Selsiasi, zaidi au pungufu mbili, na unyevu wa asilimia 75, zaidi au pungufu 10. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo tatizo letu la Januari na Februari ni joto kavu. Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, ina tatizo jingine: Juni na Julai baridi inaingia mpaka mifupani, watu wanawasha hita, hita inapandisha joto vizuri kabisa na wakati huo huo inaikausha hewa. Anayeangalia kipimajoto peke yake ataona 27 na kuridhika. Kipima unyevu kiwekwe pale pale tyubu zilipo, kwa urefu ule ule, maana kilichotundikwa mlangoni kinapima mlango. Taulo zilizolowa zikafunikwa juu ya trei, na beseni la maji karibu na hita, vinatosha kuliko watu wanavyodhani. Umeme ukikatika usiku, andika saa ulipokatika na uliporudi. Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini ni cha bei ndogo na kitakusaidia kesho kujua kilichotokea wakati wewe umelala.

Pamba ya sukari, asilimia 10, ikikauka usiku inaua kwa kiu. Ikichuruzika inaua kwa kunasa: utawakuta wamelala kifudifudi chini ya wavu, mabawa yameshikana. Ikamue mpaka isidondoshe.

Na kama hesabu haitimii, yaani uliingiza 25, wazima 19, maiti 3, usihangaike na takwimu. Sisimizi wamepita. Weka miguu ya meza kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo ya kula, hakikisha meza haigusi ukuta, na uangalie waya za umeme zinazoning'inia mpaka mezani, kwa sababu hizo ndizo daraja lao.

Mbu wa Kisumu nao hawafi

Hawa ni ukoo wa Anopheles gambiae uliotoka Kisumu, Kenya, na unafugwa katika maabara nyingi duniani kwa sifa moja: hauna usugu. Kwa kipimo cha kawaida, deltamethrini asilimia 0.05 au permethrini asilimia 0.75, wanatakiwa kufa wote. Wasipokufa, matokeo ya mbu wa shambani ya siku hiyo yaweke kando, hayana maana yoyote.

Sababu ziko mbili, na kuzitenganisha si kazi. Fungua pakiti mpya ya karatasi uwajaribu tena Kisumu wale wale. Wakifa, karatasi ya zamani ndiyo mbovu. Wasipokufa, koloni, yaani ukoo unaoufuga, imeingiliwa na mbu wengine.

Karatasi za jaribio hili nyingi hutengenezwa Universiti Sains Malaysia, Penang. Safari yake mpaka hapa ni ndefu, na ikikaa wiki mbili kwenye ghala la joto ikisubiri nyaraka, imeshazeeka kabla hujaiona. Karatasi moja isitumike zaidi ya mara sita. Ihifadhiwe kwenye friji nyuzi 4, imefungwa kwa foili, na itolewe mapema ifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo mvuke wa hewa unaganda juu yake. Ipigie mstari kwa penseli pembeni kila unapoitumia, maana ukitegemea kumbukumbu, ya tano na ya nane zitafanana. Soma pia kipimo kilichoandikwa: cha Anopheles na cha Aedes (mbu wa dengi) si kimoja kwa dawa zote, na pakiti hufanana.

Koloni kuingiliwa kunatokea pale mbu wa shambani wanapofugwa chumba kimoja na Kisumu, mmoja akatoroka, au beseni la viluwiluwi likatumiwa bila kuchemshiwa maji. Uzuri wa huku kwetu ni kwamba mgeni anajulikana. Kisumu ni gambiae halisi, mbu wengi wa Moshi chini ni arabiensis, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. PCR, kipimo cha vinasaba, inaweza: kwa njia ya Scott na wenzake ya 1993, gambiae hutoa mstari wa jozi 390 za besi na arabiensis 315. Chukua mguu mmoja mmoja wa mbu waliobaki hai. Ukiona 315 kwenye koloni ya Kisumu, usijaribu kuitibu. Ichome, safisha chumba, omba mayai mapya.

Kisumu wamekufa wote, wa shambani wanapeta

Hapa ndipo usugu unapoanza kuaminika, lakini bado kuna maswali manne.

La kwanza ni umri. Mbu waliokamatwa ndani ya nyumba ni wa umri wowote, na mbu mzee hufa kwa dawa kirahisi kuliko kijana. Kwa hiyo ukitumia waliokamatwa, kosa lako litaelekea kuficha usugu. Utaratibu unataka jike wa siku 3 hadi 5, ambaye hajanywa damu. Chota viluwiluwi kwenye majaruba, wakuzie maabara, na uandike tarehe waliyotoka kwenye pupa.

La pili ni damu. Mbu aliyeshiba huivumilia dawa zaidi. Angalia tumbo kabla ya kumwingiza. Jekundu au jeusi, mwache.

La tatu ni taa, na hili watu hulipuuza kwa sababu linahusu tabia ya mbu badala ya dawa. Karatasi imezunguka ukuta wa tyubu, lakini juu kuna wavu usio na dawa. Tyubu ikisimama wima chini ya taa kali, mbu wanapanda kuelekea mwanga na kutulia kwenye wavu. Wanakaa pale saa nzima, miguu yao haijagusa karatasi, na kesho yake wako hai. Unaandika "sugu". Inamisha kichwa utazame: kama mbu wengi wako wavuni dakika ya kumi, jaribio lako limeshaharibika. Punguza mwanga, au weka kipande cha kadibodi juu ya kila tyubu. Nimeona ubishi mrefu kuhusu vinasaba ambao ungemalizwa na boksi la chaki.

La nne ni ulichokusanya. Kwenye majaruba kuna Culex pia, mbu wa jamii nyingine, na hao mara nyingi hupona dawa iliyopimwa kwa ajili ya Anopheles. Kiluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex huning'inia kichwa chini. Watenge tangu shambani.

Tyubu nne, majibu manne

Tyubu ya kwanza 96, ya pili 94, ya tatu 70, ya nne 92. Usichukue wastani ukaondoka. Tofauti kubwa hivyo inatoka kwenye karatasi (ya tatu ilitumika zaidi), au kwenye namna mbu walivyochukuliwa. Ukifyonza mbu kizimbani, wa kwanza kunaswa ni wazembe na waliochoka. Wepesi wanabaki kwa ajili ya tyubu ya mwisho. Chukua watano watano ukizungusha tyubu zote, mpaka zijae. Kisha waache saa moja kwenye tyubu za kijani kabla ya kuwaanika kwa dawa, uwatoe walioumia. Anayevuta aspireta kwa pumzi kubwa atavunja miguu, na aliyevunjika mguu saa 24 baadaye ni ugomvi wa wahesabuji: kama anaruka, ni mzima, hata akiwa na miguu mitatu. Kama hawezi kusimama wala kuruka, ni mfu, hata kama anatikisa antena. Kubalianeni hilo kabla ya kuhesabu.

Walianguka wote, asubuhi wanaruka

Hiyo haina kasoro. Pairethroidi inaangusha haraka, na mbu mwenye vimeng'enya vya kutosha huivunja dawa usiku kucha akaamka. Ndiyo maana hesabu ya dakika ya 60 huandikwa peke yake na ya saa 24 peke yake. Kinachofaa kuangaliwa ni kama tyubu ya kupumzikia ilikuwa safi na kama mbu wote walihamishwa. Wanaobaki wameanguka kwenye karatasi wanapata dawa zaidi ya saa moja.

Klofenapiri haiui

Wanaotoka kwenye pairethroidi huishangaa dawa hii. Yenyewe haigusi mishipa ya fahamu. Mwili wa mbu unatakiwa kwanza uibadilishe kuwa sumu, kwa vimeng'enya vya P450, ndipo izuie uzalishaji wa nishati kwenye seli. Kwa hiyo inachukua muda: hesabu hadi saa 72, siyo 24. Pia inafanya kazi vizuri mbu akiwa mchangamfu, na Anopheles huchangamka usiku, kwenye joto. Jaribio la saa nne asubuhi kwenye chumba cha nyuzi 22 Arusha litakupa majibu ya kukatisha tamaa ambayo hayahusiani na usugu. Dawa hii haina karatasi za kutegemewa, hutumia chupa iliyopakwa ndani. Chupa zikaushwe kabisa, zikizungushwa, kabla ya kuingiza mbu.

Hupati mbu wa kutosha, au wanatoka wadogo

Viluwiluwi waliosongamana hutoa mbu wadogo, dhaifu, wanaokufa hata kwenye tyubu ya kulinganishia, na hapo umerudi mwanzo. Gawanya trei. Chakula cha samaki kilichosagwa kiwe cha kunyunyiza kidogo. Ukiona utando juu ya maji, umewazidishia, na wanakosa hewa. Pima joto la maji, si la chumba: trei pana hupoteza maji kwa mvuke na huwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku mmoja. Kutoka Mabogini hadi mjini, beba viluwiluwi kwenye chombo chenye nafasi ya hewa na ukiweke kwenye boksi la kupozea lisilo na barafu, nje ya jua. Barabara ina mashimo, na mtikisiko nao unaua.

PCR haionyeshi kitu

Kama hata sampuli ya uhakika, ile inayojulikana kuwa lazima itoe mstari, haikutoa, kosa liko kwenye mchanganyiko au mashine. Kama yenyewe imetoka na zako hazijatoka, mbu wako wameoza: silika, yaani chembe za kukaushia unyevu, imekwisha nguvu wakati wa masika na imebadilika rangi bila mtu kuitazama. Kama tyubu ya maji matupu nayo ina mstari, tupa kila kitu, badili maji na ncha za pipeti, na usisome chochote kwenye jeli hiyo.

Kila kitu kiko sawa na bado hawafi

Sasa mshtaki mbu. Rudia kwa dawa yenye nguvu mara 5 ya kipimo cha kawaida. Wakifa 98 kwenda juu, usugu ni wa nguvu ndogo. Wasipofika hapo, nenda mara 10: wakifa 98 kwenda juu ni wa kati, wasipofika ni mkubwa. Halafu wapitishe saa moja kwenye karatasi ya PBO (piperonili butoksidi) asilimia 4, kisha saa moja kwenye dawa. PBO huzuia vimeng'enya vya P450. Vifo vikirudi 98 au zaidi, vimeng'enya hivyo ndivyo vilivyokuwa vinawalinda. Vikipanda angalau pointi 10 bila kufika hapo, vimeng'enya vinahusika lakini kuna kingine pia. Visipopanda, tafuta kwingine, kwenye badiliko la kinasaba liitwalo kdr kwa mfano.

Kila mara weka tyubu ya PBO peke yake, isiyofuatwa na dawa. Mbu wakifa humo, hesabu ya PBO yote haifai.